Kigingi Ndani ya Zizi

Ninyi vijana mnaopanda treni na kusinzia, sikilizeni. Kabla ya reli kufika Shinyanga, walipita wapimaji wa serikali, wakapigilia kigingi katikati ya zizi letu. Humo alizikwa baba mkwe wangu, kama wenye miji, yaani wakuu wa kaya, walivyozikwa kwetu, ili ng'ombe wake waendelee kulala juu yake.

Mpimaji mmoja akaniambia, "Mama, kigingi hiki kikisogea hata kidogo, mwenye mji atafungwa."

Mwenye mji sasa alikuwa mume wangu, naye alikuwa machungani. Mama mkwe akamjibu yule mpimaji, "Pori lote hili mmeliona dogo, mkaja kupita kifuani kwa mume wangu?" Mpimaji akacheka, akaenda zake.

Jua likashuka. Nikaanza kusikia kengele za ng'ombe, nikakimbilia langoni. Wakiingia zizini watakiangusha kigingi, na mume wangu ataenda jela. Wakilala kwingine, mzee ataachwa peke yake, na hasira zake tulizijua tangu alipokuwa hai.

"Fungua lango, ng'ombe wamechoka!" mume wangu akaita.

"Sifungui!" Nikamwonyesha kigingi, nikamweleza maneno ya mpimaji. Akawazuia ng'ombe kwa fimbo yake. Mama mkwe akaanza kulia.

Nikawageukia watu wote wa mji, nikasema, "Ng'ombe waingizeni ndani ya nyumba. Na ninyi chukueni ngozi zenu za kulalia. Leo sisi ndio tutalala zizini na mzee."