Tulipoanza Kushinda

Ubishi wa mpira nimeusikia mwingi, na unaonichefua kuliko wote ni huu: timu imepigwa tangu msimu uanze, mwishoni inazinduka na kushinda mechi mbili tatu, halafu watu wanabishana kama ushindi huo una maana. Wengine husema una maana, ni dalili njema ya mwaka ujao. Wengine husema ni kazi bure, kombe limeshapata mwenyewe. Mimi hunyamaza, maana nikifungua mdomo nitawaharibia watu mazungumzo. Humu ninamoandika angalau hakuna wa kunikatiza.

Tulikuwa timu ya kiwanda cha kuchambua pamba, Kasongo, enzi za Wabelgiji. Mkurugenzi wa kiwanda alikuwa Mbelgiji mwenye shingo nene, aliyeupenda mpira kuliko alivyotupenda sisi tulioucheza. Kila mwaka pamba ilipokwisha kuchambuliwa, vibarua walirudishwa vijijini kwao. Wachezaji tu ndio waliobaki kambini, wakafagia na kupaka mashine mafuta mpaka pamba nyingine ije. Faida yetu ilikuwa hiyo. Kurudi kijijini kulikuwa shamba la pamba la lazima, kazi ya barabara, na kiboko kwa aliyechelewa.

Kiboko nilikizoea. Nilichoogopa mimi ni nyumba yetu ya kijijini, Kabambare. Mke wangu alikuwa amezaa humo mara mbili, na mara mbili tulizika. Yule wa pili alikaa vibaya tumboni. Wakunga walihangaika naye mpaka wakaishiwa maneno, na alipotoka hakulia. Mimba ya tatu iliingia tukiwa Kasongo. Sista wa hospitali alimpima, akasema mtoto huyu naye amekaa vibaya, na mama asijaribu kuzalia mbali na daktari. Sasa, bila kazi hakuna kibali cha kukaa mjini. Kwa hiyo kila nilipovaa jezi nilikuwa nakimbilia kitanda kimoja cha hospitali, basi. Kombe wangeweza kulitupa mtoni.

Nasi tukapigwa. Tulipigwa na waashi. Tulipigwa na watu wa Nyangwe, ambao walikuja kwa mitumbwi, wakatufunga, wakauza samaki zao na kurudi kwao kabla jua halijachwa. Tulipigwa hata na makarani, watu ambao mbio zao zote zilikuwa kutoka kiti kimoja hadi kingine. Wanawake wa sokoni walinipimia muhogo huku wakicheka. Katikati ya msimu mkurugenzi alitupanga mstari mbele ya ghala.

"Mukikuwa wa mwisho, mutarudia kwenu wote," alisema. "Miye sitalisha wavivu."

Na wa mwisho tulikuwa sisi.

Tangu siku ile mke wangu alianza kunifulia jezi yeye mwenyewe, ingawa kuinama kulimtesa. Aliianika, akaikunja, akanipa mkononi kama mtu anayempa mwingine mtoto amshike.

"Leo mutashinda?" aliniuliza.

"Tutaona, mama."

"Miye sitaki kuona. Miye nataka kuzalia hapa."

Kisha tukaanza kushinda. Niseme ukweli wote, maana ndani yake ndimo lilimo jibu la wale wabishi. Waashi tuliwafunga kwa sababu nusu yao walikuwa wamepelekwa kujenga daraja, na waliobaki walikuja uwanjani na saruji miguuni. Makarani walikuwa wamegombana wenyewe kwa wenyewe, hawapeani mpira. Mechi ya mwisho ilikuwa na Nyangwe, na Nyangwe kombe walikuwa wameshalipata, walikuja kutembea. Kipa wao aliweka kapu la samaki kando ya mlingoti wa goli, na kila mara aligeuka kuangalia nani analisogelea. Nilipopiga lile shuti, alikuwa anamtajia mwanamke mmoja bei. Mpira ulipita mgongoni kwake taratibu kabisa. Kuku angeweza kuudaka.

Watu wakanibeba juu juu! Uwanja mzima ulilipuka, kwa kuwa sasa wa mwisho walikuwa makarani. Nahodha wetu, fundi wa mashine, mtu asiyecheka ovyo, alilia mbele za watu akirudiarudia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Nyumbani mke wangu alipika sombe, yale majani ya muhogo, kwa mawese mengi, na alikula. Alikuwa hajala vizuri tangu mkurugenzi atutishe. Alishika tumbo akacheka, akaniambia, "Huyu amesikia goli." Nami nililala usingizi wa mtu aliyelipwa.

Kazi ilipofunguliwa baada ya Jumapili tuliitwa tena mbele ya ghala. Nahodha alifunga vifungo vyote vya shati hadi shingoni, maana tulitegemea sifa. Mkurugenzi alitutazama mmoja mmoja.

"Kumbe munaweza," alisema. "Kumbe munajua kushinda! Basi miezi yote ile mulikuwa munanichezea. Mutu mwenye hawezi, nitamusamehe. Mwenye anaweza na hataki, huyu ni mubaya kabisa. Murudie kwenu."

Kwetu Kabambare hili kila mkulima alilijua. Mwaka shamba lilipozaa vizuri, baba yangu hakupeleka pamba yote sokoni. Alipeleka inayotosha kumnyamazisha mnunuzi, nyingine akaiacha ioze kwenye miti yake. Ukimwonyesha Mzungu mavuno mazuri baada ya mabaya, hakupongezi. Anakuuliza mwaka jana ulikuwa unaficha wapi, kisha anakupimia shamba kubwa zaidi. Sisi tulivaa viatu vya kiwanda tukadhani mpirani mambo ni mengine.

Nikatoka mstarini. Wenzangu walinikodolea macho.

"Bwana, ule ushindi haukuwa kitu," nilisema. "Waashi walikuwa wachache. Watu wa Nyangwe hawakutaka kucheza. Kipa yao alikuwa anauzisha samaki. Siye hatujui mpira, bwana. Siye ni wabaya kabisa."

Mkurugenzi alicheka mpaka akakohoa. "Basi muko wavivu na muko waongo," alisema, akaingia ofisini. Nahodha alitema mate karibu na mguu wangu, sikumlaumu. Pengine Mbelgiji yule alikuwa ameshaamua siku nyingi, pamba imekwisha na vinywa vya kulisha ni vingi, alitafuta neno tu. Sijui. Nimejiuliza mpaka nimechoka.

Nilimfuata kwenye baraza yake peke yangu. Nilipiga magoti, na sioni aibu kulisema.

"Bwana, muke yangu iko na mimba. Sista alisema mutoto iko mubaya ndani, azalie hapa."

"Huko kwenu wanawake hawazalake?" aliniuliza, akamwita mpishi amletee kahawa.

Lori lilitupakia juu ya magunia matupu. Mvua zilikuwa zimeanza, na barabara ya Kabambare ilikuwa tope tupu. Wanaume tulishuka kusukuma, tukapanda, tukashuka tena. Uchungu ulimshika mke wangu njiani, kabla ya wakati wake. Hakupiga kelele. Alishikilia ubao wa lori kwa mikono miwili, na kila gurudumu lilipozama alifumba macho. Nilimwomba Mungu kwa maneno yote niliyokuwa nayo, ya Kibangubangu na ya Kiswahili.

Habari za ushindi wetu zilikuwa zimetutangulia. Dereva aliyepita kabla yetu alizimwaga zote, pamoja na bao langu. Tulipofika tulikuta ngoma. Vijana, wazee, akina mama, wote barabarani, mtoto wao amewafunga Nyangwe! Lori halijasimama vizuri wakanishusha, wakaniweka mabegani, wakaondoka nami wakiimba. Nilipiga kelele waniache, nikawapiga ngumi vichwani, nao wakadhani ni furaha. Nilipofanikiwa kurudi alikuwa bado juu ya magunia, peke yake, na magunia yamelowa damu.

Mtoto alikuwa wa kiume. Tulimzika kando ya wenzake.

Baada ya siku nyingi, asubuhi moja nikimpa mke wangu uji, alinitazama.

"Kama ungekosa ile goli," alisema.

"Wangetufukuza tu, mama. Tungekuwa wa mwisho."

"Najua," alisema. "Lakini hawangeimba. Nilikuwa nakuita."