Nyumba Mbili Zinazotazamana

Mwaka 1973 Ambilikile alirudi Tukuyu na digrii ya uchumi, masanduku mawili ya vitabu, na jibu. Swali lilikuwa la wanafalsafa: kwa nini mtu amlimie asiye ndugu yake? Alikuwa amewafuata kuanzia Wayunani hadi Waingereza wa enzi ya viwanda, akaona wote wanababaisha. Jibu, aliandika, wanalo Wanyakyusa: vijana wa rika moja huwaacha baba zao, wakajenga kijiji chao na kulima pamoja. Ujamaa ulikuwepo kabla haujaandikiwa kitabu.

Wilaya ilifurahi, ikampa kazi ya kupanga kijiji cha ujamaa karibu na Mpuguso. Akapanga nyumba safu mbili kando ya barabara: akina baba huku, wana wao kule. Nyumba ya baba yake, mzee Ambindwile, ikatazamana na yake.

Jamani, elimu! Kurasa zote zile juu ya vijana kuhama kwa baba zao, na hakujiuliza wanahama kwa nini. Kwa Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe. Akimwona, hujificha.

Basi Atuganile, mkewe, akawa anapita mtaroni kwenda kuteka maji. Mzee akikohoa mlangoni, yeye hujitupa migombani na ndoo yake, mimba ya miezi saba, mvua mgongoni. Jioni moja alirudi goti limechubuka, ndoo tupu.

"Baba Meshaki," alisema, "nikianguka tena, huyu mtoto tutampoteza."

"Nitaiandikia wilaya."

"Iandikie. Mimi kesho nateka maji."

Ambilikile aliijua wilaya. Kila anayerudi kwenye nyumba ya zamani alihesabiwa mkaidi, na kazi ya kuwataja wakaidi ilikuwa yake.

Asubuhi mzee alitoka na kitanda kichwani, akashika njia ya mlimani, kwenye nyumba yake ya zamani.

"Tata, hairuhusiwi. Nitalazimika kukutaja."

"Nitaje, mwanangu. Ila mwambie mama Meshaki barabara ni yake."

Akaenda zake. Mzee alipopotea kwenye kona, Atuganile alipanda kutoka mtaroni, akatembea katikati ya barabara, ndoo kichwani, mgongo umenyooka. Ambilikile hakuwa amemwona akitembea hivyo tangu wahamie.

Akakimbia, akamfikia baba yake, akashika miguu ya kitanda. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimama mlangoni kwake, anawatazama. Ambilikile akamwamkia kwa adabu, akaendelea kupanda.