Shikamoo kwa Wati Mbili

Nilisafiri kwenda kusini kwa sababu Mzee Salum wa Mitole alikuwa anaelekea kuwa kiziwi, na kabla ya kufika huko alitaka kumsikia Hamisi wa Nyangamara. Simu zipo, najua. Huu ulikuwa mwaka wa nne Hamisi hapokei simu ya Salum.

Sisi watatu tulikuwa askari wa mawasiliano. Salum alitufundisha Morse, zile nukta na vistari vya kugonga kwa kibonyezo. Tulipostaafu tulikata leseni za redio za ridhaa, kila mmoja akanunua mnadani redio kuukuu ya jeshi, ya kijani, yenye betri ndogo ya kusikilizia na jenereta ya kuzungusha kwa mkono unapotuma. Inatoa wati mbili. Taa ya choo changu inaizidi. Lakini hewa ikiwa nzuri, wati mbili zinavuka wilaya na mito yake yote.

Ugomvi ulianzia kwenye harusi ya binti wa Hamisi. Salum aliposimama kutoa nasaha, aliwaambia wakwe kwamba Hamisi ni mtu mwema, ila mkono wake wa Morse unakokota kama mtu anayevuta gogo. Kwetu sisi mkono ndio mtu mwenyewe. Kila mmoja ana namna yake ya kugonga, na unamtambua hewani kama unavyotambua sauti ya ndugu yako. Wakwe walicheka sana. Hamisi aliaga mapema, kwenye harusi ya mwanawe mwenyewe.

Mbagala, saa kumi na mbili asubuhi. Utingo wa basi alilitazama sanduku langu.

"Mama, hiki nini?"

"Redio."

"Mbona ina mkono kama cherehani? Inashika taarabu?"

"Haishiki."

Alinionea huruma waziwazi, akaisukuma chini pamoja na magunia.

Nangurukuru nilishuka mchana, nikachukua bodaboda hadi Mitole na redio mapajani. Salum alikuwa barazani anachambua kunde. Nilimwamkia mara mbili bila jibu. Ya tatu nilipiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

"Marahaba, Sajini," alisema. "Njoo upande wa kushoto. Sikio la kulia limeshastaafu. Daktari anasema na hili halitafika msimu wa korosho."

Nilimuuliza kwa nini asimwandikie Hamisi barua ya kuomba radhi.

"Barua nitaisoma hata nikiwa kiziwi," alisema. "Mkono wake je? Nimewafundisha wengi, na ule mmoja niliudhalilisha mbele za watu. Nataka niusikie tena nikiwa bado na cha kusikilizia."

Tukapatana. Keshokutwa, saa nne asubuhi, angemwita Hamisi hewani, nami wakati huo niwe Nyangamara na redio yangu imefungwa tayari. Tulitegemea kanuni moja aliyotukaririsha yeye mwenyewe: askari wa mawasiliano akisikia anaitwa, haitiki kwa hiari, anaitika kwa lazima. Jenereta angezungusha mkewe, Bi Somoe.

"Nimempikia miaka arobaini," Bi Somoe aliniambia wakati wa kulala. "Sasa namfulia na umeme."

Kesho yake nilipanda basi la Lindi, nikabadilisha gari mpaka Mtama, kisha bodaboda tena. Kiuno changu kilikuwa na maoni yake juu ya safari hiyo, nami sikuyauliza. Nyangamara nilianza kwa mwenyekiti wa kijiji, maana mgeni mwenye sanduku la kijeshi hatakiwi kuanza kwingine. Alisoma leseni yangu mbele na nyuma.

"Hii redio ina uhusiano wowote na vita?"

"Ilikuwa nao. Imestaafu."

"Wewe je?"

"Na mimi pia."

Aliridhika.

Hamisi nilimkuta akipalilia chini ya mikorosho yake. Alinipokea vizuri, tukala ugali wa muhogo na kisamvu. Redio yake ilikuwa pembeni ya chumba, juu yake mtungi wa maji. Nilimwambia nimepita tu, nataka kuijaribu yangu. Asubuhi alinisaidia kutandaza waya wa antena kati ya mikorosho miwili, na vidole vyake havikusahau fundo hata moja. Tulisahau jambo moja tu. Kijijini, waya ulionyooka vizuri ni kamba ya nguo. Saa nne kasorobo tulikuta jirani ameshaanika kanga mbili na shuka. Tuliziondoa kwa heshima zote.

Saa nne kamili. Tulikaa bega kwa bega, spika moja sikioni mwake, moja mwangu. Mvumo, mikwaruzo, kisha kwa mbali sana mlio mwembamba ukigonga jina la Hamisi la hewani. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

Hamisi aliivua spika.

"Umenitega, Sajini."

"Nimekutega, ndiyo. Unaitwa, afande. Kanuni unaijua."

"Kanuni ya askari. Mimi ni mkulima."

Basi, mpango wetu ukaishia hapo. Nilijiona mjinga niliyebeba chuma kutoka Mbagala kuja kuaibika. Yeye akabaki ameshika spika mkononi, akiisikiliza kwa mbali kama hataki.

"Mkono wake umelegea," alisema.

"Sikio moja limekufa. La pili linafuata."

Hakuwa akijua. Aliirudisha spika sikioni polepole. Na Salum, aliyechoka kuita bila jibu, akaanza kugonga neno jingine. Tulilihesabu herufi kwa herufi: S, H, I, K, A. Kabla halijaisha Hamisi alikuwa ameshasimama.

Kwetu mkubwa hamwamkii mdogo. Salum amemzidi Hamisi miaka kumi, na ni mwalimu wake. Mzee wa namna hiyo akikuamkia amejishusha mpaka chini kabisa. Ukinyamaza umemkanyaga, na ukijibu marahaba umejiita mkubwa wake.

"Astaghfirullah!" Hamisi alisema. "Zungusha, Sajini! Zungusha!"

Nilizungusha. Aligonga haraka haraka, kasi ya mtu aliyeambiwa anakokota na hajasahau: shikamoo ni yangu, afande, shikamoo ni yangu. Jibu likarudi: sisikii, rudia. Akarudia kwa kasi ileile. Sisikii, rudia. Mikono yangu ilikuwa inawaka moto, na nilimfikiria Bi Somoe.

"Kokota," nilimwambia.

Alinitazama vibaya.

"Kokota, afande. Kama alivyokusema."

Alikaa. Akapumua. Akagonga tena, safari hii kila kistari kirefu kama barabara ya Liwale, na kati ya herufi na herufi ungeweza kumenya muhogo. Ulikuwa mkono wake wa siku zote. Kisha tukangoja, na kungoja kule kulinitisha kuliko lolote la jeshini.

Marahaba mwanangu, ikajibu hewa. Halafu: mkono ni uleule. Nisamehe.

Nililia, sioni haya kulisema. Nililia huku nazungusha, maana ningeacha mlio wetu ungekatika, na Hamisi alikuwa bado ana maneno ya miaka minne.

Kesho yake nilifunga safari ya kurudi. Hamisi alinikuta njiani amevaa kanzu na kofia. Alisema salamu ya namna ile haiachwi hewani, lazima mtu aipeleke kwa miguu. Alibeba redio yangu mpaka Mitole, na kwenye basi alilala kichwa juu ya sanduku. Mimi niliwaza yale niliyojifunza, yakawa machache. Nilikuwa nikidhani mwenye haraka ndiye fundi. Yule anayekokota anasikika hata na aliyebakiwa na nusu sikio.

Mitole tulifika alasiri. Salum alikuwa barazani ametupa mgongo. Tulipiga hodi tatu, hakusikia. Hamisi alivua viatu, akapanda, akamwekea kidole begani, akaanza kugonga shikamoo, nukta na vistari, taratibu.

Salum hakugeuka.

"Bado unakokota," alisema. "Usiache."