Njia ya Mwenye Taa

Karakana ile ilitengeneza vibao vya barabarani, na hapakuwa na mtu aliyebandika riflekta, ile karatasi inayong'aa ikimulikwa, juu ya mabati kwa muda mrefu kuliko fundi mmoja. Bati lilisuguliwa mpaka lisibaki na alama ya kidole. Karatasi ikashushwa kutoka ukingo mmoja. Kipande cha raba kikaifuata taratibu, kikisukuma hewa nje. Kiputo kimoja kikibaki, kibao kizima kilikwenda jalalani. Wenzake walimwita Mng'ao, kwanza kwa kumdhihaki, maana hakukosa kurudi nyumbani na vijipande vinavyometameta nywelani, kisha kwa mazoea. Mkewe naye alimwita hivyo, lakini siku za hasira tu.

Kila mwanafunzi aliyeingia karakanani alipata somo moja kabla ya kukabidhiwa mkasi. Mng'ao alizima taa, akashika tochi kando ya jicho lake, akamulika kipande cha riflekta kilichobandikwa ukuta wa mbali, akauliza wanaona nini. Waliosimama pembeni walijibu kwamba hawaoni kitu cha maana.

"Mimi naona mwezi," aliwaambia. "Riflekta haimwangazii kila mtu. Inamrudishia mwenye taa nuru yake mwenyewe. Aliye kando hapati kitu."

Alilipenda somo hilo, na hakuchoka kulirudia.

Alipostaafu, karakana ilimuaga kwa soda na biskuti, ikamruhusu kubeba gunia la mabaki ya riflekta. Gunia hilo lilikaa chini ya kitanda mpaka alipokutana na mfamasia, mwanamke kijana mwenye duka la dawa pale kwenye kona, aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha wasakaji wa makopo. Mchezo wao ulikuwa hivi: mmoja anaficha kopo mahali, anatangaza kwa simu namba za kuelekeza mahali hapo, na wengine wanalitafuta. Ndani ya kopo huwekwa vitu vidogo vidogo, na sharti ni moja: anayechukua kitu huacha kingine chenye thamani ileile au zaidi. Mfamasia alitaka njia itakayofuatwa gizani, kwa tochi, katika msitu wa mikaratusi ulio nyuma ya matangi ya maji.

"Mzee, wewe si ndiye fundi wa riflekta?" aliuliza.

"Ndimi," akajibu Mng'ao, na mgongo wake ukanyooka kama wa mtu aliyerudishwa kazini.

Alikata mabaki yale katika pembetatu ndogo, akazibandika kwenye vichwa vya pini za ubao, akazichomeka katika maganda ya miti, huku akiwarudia wasakaji somo lake la tochi. Pini moja ilimaanisha songa mbele; mbili, geuka; tatu, kopo li karibu. Zote alizielekeza upande wa anayekwenda. Mfamasia alipomuuliza kuhusu kurudi, alimjibu kwamba kila mtu anajua alikotoka.

Kwa kopo lenyewe alihitaji kitu chenye mng'ao. Mkewe alikuwa akishona sare za shule katika chumba cha mbele, na katika mtoto wa meza ya cherehani kulikuwa na kastabini ya shaba aliyoachiwa na marehemu mama yake, iliyochakaa kwa kufuata umbo la kidole. Mng'ao aliichukua bila kuuliza, akaitia ndani ya kopo. Kwake ilikuwa kikofia cha kidole, basi. Mkewe alipoikosa, aliupindua mtoto wa meza, akafagia chumba kwa mikono, hatimaye akamgeukia binti wa dada yake, aliyekuwa akiishi nao na kujifunza kushona.

"Mama mdogo, sikuichukua, naapa!"

"Humu ndani tu watatu. Au cherehani imeimeza?"

Mng'ao alikuwa mlangoni akipangusa viatu. Angeweza kusema neno moja, na mambo yakaisha. Aliona haya ya kuonekana mdokozi nyumbani kwake, akaendelea kupangusa viatu. Binti alifunga virago, akarudi kwa mama yake, ng'ambo ya pili ya mji, macho yamemvimba kwa kulia. Siku kadhaa baadaye Mng'ao aliliona jambo hilo kuwa limekwisha. Na jambo likiisha, yeye hulisahau.

Nyumba ilibaki na watu wawili, na kila giza lilipoingia, Mng'ao akienda kukagua pini zake, ilibaki na mmoja. Mkewe alivumilia, akachoka kuvumilia.

"Huko msituni kuna nani?"

"Kuna miti."

"Miti haimfanyi mwanamume anyoe ndevu kabla ya kwenda kuitazama."

"Nanyoa kwa sababu nimezoea kunyoa nikienda kazini."

"Kazi ipi, bwana mkubwa? Mimi nilidhani ukistaafu nitapata mtu wa kuongea naye. Naongea na cherehani. Nayo, nikiongea, angalau inatikisa kichwa."

"Basi twende wote, ukaone kwa macho yako."

Hakutarajia kwamba angekubali. Mkewe aliweka mkasi chini, akaingia chumbani, akatoka amevaa viatu vyake vya kutokea na kitambaa kipya kichwani. Mng'ao aliona viatu havifai kwa msitu, akamwambia hivyo. Kwamba mtu alikuwa amejipamba kwa ajili ya matembezi pamoja naye, hilo hakuliona.

Tochi ilikuwa moja, naye ndiye aliyeishika, kando ya jicho, kama siku zote. Alitangulia upande mmoja wa njia. Mkewe akamfuata upande wa pili, akipapasa kwa miguu.

"Ile pale! Umeiona?"

"Wapi?"

"Mbele yako, kwenye shina. Inawaka kama jicho la paka!"

"Naona shina."

"Tazama vizuri, mwanamke! Na ile ya pili, kule!"

"Sioni kitu."

"Huna macho. Kumbe watoto wa watu wanavaa sare za kubahatisha!"

Alisema hivyo akicheka, na kicheko hicho kilikwenda peke yake. Mkewe alijikwaa kwenye mzizi, kisigino cha kiatu kikang'oka. Alikiokota, akasimama nacho mkononi.

"Mng'ao," alisema, na sauti yake haikuwa ya juu, "wewe unanionyesha giza, unaniambia ni taa. Kama kuna mwanamke, sema kuna mwanamke. Usinifanye mtoto mdogo."

Aligeuka, akarudi akichechemea. Asubuhi alifunika cherehani kwa shuka, akaenda kwa dada yake.

Mng'ao alimweleza mfamasia kisa hicho kama malalamiko: mtu anaonyeshwa kazi safi, anasema haioni! Mfamasia aliacha kupanga chupa.

"Mzee, tochi alikuwa nayo nani?"

"Mimi."

"Na yeye alikuwa wapi?"

"Kando."

"Sasa angeonaje? Si wewe uliyetufundisha kwamba aliye kando hapati kitu?"

Somo lilikuwa la Mng'ao, maneno yalikuwa yake. Maishani mwake hakuwahi kudhani kwamba yangeweza kumhusu mkewe. Hapo angeweza kupanda basi, akagonga mlango wa shemeji yake, akasema: nimekukosea. Aliliwaza jambo hilo, akaliona refu. Fundi anapokosolewa huthibitisha kazi yake.

"Mpelekee taa yako ile ya kuvaa kichwani," alisema. "Aende na dada yake, waifuate njia mpaka mwisho. Wafungue na kopo. Ataona mwenyewe kwamba sikumdanganya."

"Usingekwenda wewe, mzee?"

"Nikienda mimi atasema nimemwelekeza. Aone peke yake."

Mfamasia alikwenda. Baada ya siku chache Mng'ao alipita dukani, akamkuta na taa mkononi.

"Shikamoo, mzee. Mama amenirudishia hii."

"Marahaba. Ameona?"

"Zote. Anasema ni njia nzuri ajabu, kila mti ulikuwa unamkonyeza. Kopo wamelipata."

"Nilisema mimi!" Mng'ao alipiga kaunta kwa kiganja. "Nilisema! Kaniagiza nini?"

"Hakuagiza kitu. Alisema tu kwamba sharti la mchezo amelifuata."

Hakulitilia maanani neno hilo. Alinunua maziwa na mkate, akafagia chumba cha mbele, akaondoa shuka juu ya cherehani na kuikunja pembe kwa pembe. Alikaa kitini akisikiliza mlango. Jua lilipozama, na mlango haujagongwa, ndipo mkono wake ulipogusa mtoto wa meza, akauvuta, akauona ulivyo mtupu, bila kastabini. Alichukua tochi, akatoka karibu kukimbia.

Pini zilimjibu moja baada ya nyingine, safi, bila kosa. Kwenye zile tatu alipiga magoti, akatoa kopo chini ya mizizi, akalifungua. Kifungo cha bluu kilikuwamo, na kigari cha plastiki, na sarafu isiyotumika tena. Kastabini haikuwamo. Mahali pake palikuwa na ufunguo wa nyumba yao, ule wa mkewe, ungali na uzi mwekundu aliouzungusha kwenye shingo ya ufunguo ili usichanganyike na wa binti.

Alilifunga kopo, akalirudisha mahali pake kama sharti lilivyotaka, ufunguo akabaki nao kiganjani. Kisha akainuka kurudi. Alimulika shina la kwanza, la pili, akaipeleka tochi kulia na kushoto, juu na chini. Pini zote zilimpa kisogo. Mikaratusi ilikuwa mikaratusi tu, myeusi katika giza, naye akashika njia akipapasa kwa miguu.