Jumamosi Niliyoipangia Bendi Gesima

Sauti iliyonishtua kwanza ilikuwa ya viatu. Nilikuwa nimeketi juu ya spika, katika uwanja mdogo kando ya kituo cha kupokelea majani chai, Gesima, saa mbili na nusu asubuhi, nikikagua orodha ya nyaya kwa mara ya nne. Nikasikia soli ngumu zikisaga changarawe ya murram, nyingi, kwa mwendo mmoja wa taratibu. Nilipoinua macho, barabara nzima ilikuwa imejaa watu wenye suti na magauni meupe, Biblia makwapani. Kila aliyepita alituangalia sisi wa bendi, akaiangalia ngoma, kisha akaniangalia mimi.

Ilikuwa Jumamosi, na Gesima ni ya Wasabato.

Mimi ni mtoto wa Kisii mjini, wa nyumba ya Kiislamu. Mama yangu anauza vitambaa. Nilipokabidhiwa kupanga safari ya bendi, jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuondoa Ijumaa zote. Kisha nililinganisha siku za soko, mvua na hali ya barabara, nikahitimisha kwamba siku bora kwa Gesima ni Jumamosi, kwa kuwa siku hiyo hakuna anayechuma chai. Kwa nini hakuna anayechuma, sikujiuliza.

Ni lazima nieleze jinsi mwanafunzi wa uzamili wa takwimu alivyoishia juu ya spika. Miezi miwili kabla, mbele ya watahini watatu, niliulizwa swali moja kuhusu jedwali la sura ya tatu ya tasnifu yangu. Jibu nililijua: jedwali lilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa langu. Badala ya kulisema, nilikusanya karatasi zangu nikatoka nje, na tangu siku hiyo kila simu ilipolia niliigeuza kifudifudi. Msimamizi wangu aliniandikia ujumbe mfupi: nimpigie kabla ya mwisho wa mwezi, nimweleze kilichotokea, la sivyo nafasi yangu ingefungwa. Jumamosi hiyo zilikuwa zimebaki siku tatu. Katikati ya hayo, rafiki yangu wa sekondari, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya roki, alikuwa amenichukua. "Njoo utupangie," alisema. "Sisi tunajua kupiga kelele tu."

Nilimgeukia mpiga ngoma, aliyezaliwa na kulelewa Nyamira.

"Wewe ni Msabato."

"Ndio."

"Na ulijua leo ni Sabato."

"Nilijua."

"Sasa mbona hukusema?"

Alifuta vijiti vyake kwa fulana. "Nilidhani ni mbinu, Prof. Mtu wa digrii mbili hawezi sahau Jumamosi."

"Nina moja na nusu."

Rafiki yangu, Mkatoliki wa Birongo, alicheka hadi akalazimika kushika mlango wa pikapu. "Mimi nilifikiri umeongea na kanisa," alisema.

Mzee wa kanisa, ambaye pia ndiye mwalimu wa kwaya, aliacha msafara akaja kwetu, tai yake nyekundu imenyooka kama rula. Katika hatua zake ishirini hivi nilitunga maelezo matatu, yote ya kweli kwa kiasi fulani na yote yakimlaumu mtu mwingine. Alipofika, hata moja halikutoka.

"Mzee, mimi ndiye niliyepanga," nilisema. "Nilikosea siku."

"Wewe ni wa wapi, mama?"

"Kisii mjini."

"Huko hakuna Jumamosi?"

"Iko, mzee. Mimi ndiye sikuiona."

Akaigeukia ngoma. "Basi funikeni hiyo ngoma ilale kama mgonjwa. Hata chai inapumzika leo. Kesho mpige mpaka mchoke. Sasa mkuje kanisani, halafu mkule."

Niliketi benchi la nyuma, mtandio kichwani, nikasikiliza kwaya ikiimba bila ala yoyote, sauti nne zikifungamana vizuri kuliko chochote ambacho mashine zetu zilikuwa zimewahi kutoa. Mchana mke wa mzee alitupakulia ugali wa wimbi na chinsaga, mboga chungu ya huku, vilivyopikwa Ijumaa na kuhifadhiwa kwenye hotipoti. "Kula, mwanangu," aliniambia, "hii haikupikwa leo, haina dhambi." Kila jirani aliyeingia aliambiwa, "Huyu ndiye wa Jumamosi," na kila mmoja alicheka, akanipa mkono. Niliisubiri aibu yangu ya kawaida. Ilichelewa, na ilipofika ilikuta nikiongezewa ugali.

Jumapili saa tisa alasiri uwanja ulijaa. Wakatoliki walitoka Misa, Wasabato wakatoka shambani na gambuti zao miguuni. Mzee alikuja kusimama kando yangu, kwenye mitambo ya sauti.

"Gitaa ni sawa," alisema baada ya wimbo wa pili. "Lakini sauti ya nne, besi, hamna."

"Mzee, hii ni roki."

"Hata kama ni roki. Wimbo una sauti nne."

Wimbo wa tatu ulimkuta juu ya pikapu, mbele ya maikrofoni, akishusha besi bila maneno, huku mpiga ngoma akicheka karibu apoteze mapigo. Kiitikio kiliporudi, uwanja mzima uliingia, kila mtu akijitafutia sauti yake bila kuelekezwa. Niliondoa mikono kwenye vitufe. Hapakuwa na kitu cha kurekebisha.

Jumatatu, siku ya mwisho ya mwezi, tulisimama njiani, Mosocho. Wenzangu walishuka kununua ndizi. Nilikuwa na karatasi yenye matoleo manne ya nitakachosema. Niliiacha mfukoni, nikapiga simu saa tatu na dakika kumi, kwa hesabu kwamba msimamizi wangu atakuwa ameshakunywa chai.

"Profesa, ni mimi," nilisema. "Lile jedwali nililikosea. Nilichanganya mashamba ya chai tupu na yale ya chai na ndizi. Nilipoulizwa nilikuwa najua, nikaogopa kusema."

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Haya," alisema. "Nina kalamu. Nieleze tangu mwanzo."