Kila Mtu Ajisemee

Tangu juzi watu wazima hawa wawili walikuwa wamenuniana. Mke, ambaye kazini walimwita Mama Swichi, alikuwa amemwambia mumewe ukweli: goti lako limechoka, omba kazi ya chini, nguzo waachie wengine. Mume akasikia kitu kimoja tu, kwamba ameitwa mzee. Basi! Chai ikanywewa kimya, hata sukari ikaombwa kupitia kwa watoto.

Ubaya ni kwamba kazi yao ilikuwa moja. Mume alipanda nguzo kutengeneza nyaya. Mke alikaa kituoni, mbele ya swichi kubwa, akizima laini kabla mafundi hawajapanda na kuiwasha wakishashuka. Na sheria ya hapo haikujua mume wala mjomba: kila fundi aseme redioni, kwa mdomo wake mwenyewe, "Nimeshuka." Hakuna kusemeana.

Siku hiyo walikuwa wakitengeneza laini ya zahanati, mafundi watatu. Wawili wakajisemea. Wa tatu, kimya.

"Na huyo mwingine?" aliuliza Mama Swichi. Hata kusema "mume wangu" hakutaka!

"Naye kashuka, shemeji," akajibu mmoja wao, akiwa ndani ya gari. "Nimemwona kwa macho yangu. Redio yake kaitupa humu, kasema nimsemee." Akacheka. "Si unajua mlivyo siku hizi."

Jamani, hasira zilimpanda. Yaani mtu na ndevu zake ananuna mpaka kazini? Na zahanati wanapiga simu, wagonjwa wako gizani. Mkono wake ukafika kwenye swichi. Akitaka kununa na anune, alijisemea, mimi sibembelezi mtu.

Lakini mkono ukawa mzito. Vidole hivyohivyo wiki iliyopita vilikuwa vikilikanda lile goti kwa maji ya moto, mwenyewe akijifanya haumii. Mama Swichi alimpenda yule mbishi, alimpenda sana, na hapo ndipo alipokimeza kiburi chake.

"Mpelekee redio," akasema, na kikosi kizima kikamsikia. "Mwambie nimemkosea, anisamehe. Ila aseme mwenyewe. Bila sauti yake siwashi."

Mlango wa gari ukasikika ukifunguliwa. Kisha ukelele.

"Shemeji, usiwashe! Usiwashe! Yuko juu!"

Mume alikuwa amesahau kufungua waya wa ethi, ule wanaoufunga kwenye laini ili umeme ukija kwa bahati mbaya uende ardhini. Akarudi juu kimyakimya, bila kumwambia mtu. Aliona haya kusahau, wasije wakasema ni uzee.

Mama Swichi aliachia swichi, akakaa sakafuni na kulia kama mtoto. Ulipita muda ndipo redio ikakoroma tena.

"Nimeshuka, mama watoto. Nimeshuka mzima."

"Rudia."

"Nimeshuka."

"Rudia tena." Sheria ilitaka mara moja tu. Hizo nyingine alizitaka yeye.

"Nimeshuka, mke wangu. Na kesho naenda kuiomba hiyo kazi ya chini."

Akajifuta machozi kwa mkono wa sare, akasimama, akawasha.