Omosa Alipopelekwa kwa Baba Yake

Machogu alimleta Purity nyumbani Jumapili mchana. Alishuka kwenye lori lake la kubebea ndizi, akazunguka upande wa pili na kumfungulia mwanamke mlango. Eucabeth alikuwa uani anamenya ndizi za kupika, akaona. Katika miaka yote ya ndoa yao, yeye mlango wa lori lile alikuwa akiusukuma mwenyewe kwa bega.

"Huyu ni mwenzako," Machogu alisema. "Atakaa nyumba kubwa. Wewe na watoto, jikoni kuna nafasi."

Eucabeth alimtazama mama mkwe wake, Jemimah, aliyekuwa amesimama mlangoni pa nyumba yake hapo hapo bomani. Alitumaini atasema neno. Jemimah alijipangusa mikono kwenye leso, akaenda kumsalimia mgeni.

Usiku huo Eucabeth alilala jikoni na wanawe wawili. Asubuhi alifunga nguo zao ndani ya shuka, akatoka Ogembo na kurudi Marani alikozaliwa. Omosa, mkubwa, alikuwa na miaka tisa. Ogoti alikuwa na sita, na njia nzima aliuliza kama baba anajua wanaenda wapi.

Wazazi wa Eucabeth walikuwa wamekufa. Boma lilikuwa la kaka yake, Bosire. Bosire aliwapa sebule wiki moja. Ilipokwisha alimwita dada yake chini, penye mashina ya chai, mbali na masikio ya mkewe.

"Dada, ng'ombe za mahari za Machogu tulikula sote. Akija kuzidai, nitatoa wapi?"

"Mimi ndiye niliyefukuzwa, Bosire."

"Hukufukuzwa. Aliongeza bibi. Wewe ndiye uliyetoka."

Basi Eucabeth akapanga chumba kimoja kwenye ploti iliyo nyuma ya soko la Marani, akaanza kupika chai na mandazi kwenye kibanda kando ya barabara. Jirani yake alikuwa Ayan, mke wa Abdikarim mwenye duka la nguo. Ayan alimletea siku ya kwanza chupa ya chai ya viungo na hakumuuliza mume yuko wapi. Kwa hilo tu Eucabeth alimpenda.

Kitanda kilikuwa kimoja. Ogoti alilala ukutani, mama katikati, Omosa akalala miguuni kwao. Ogoti, ambaye tangu azaliwe alikuwa mtoto mkavu, sasa alianza kukojoa kitandani. Godoro lilianikwa uani kila asubuhi na ploti yote iliona. Omosa alimcheka mdogo wake, mdogo akalia, mama akapiga kelele akiwa na mikono ya unga, na chai ikafurika jikoni. Hivyo ndivyo siku zilivyoanza. Omosa ndiye aliyewasha moto na kumvalisha mdogo wake sare, na alifanya hivyo vizuri, lakini kwa uso wa mtu anayefanya kazi isiyo yake.

"Kwa baba kulikuwa na mayai," alisema asubuhi moja, akitazama uji.

Eucabeth alimpiga kwa mwiko begani. Si kwa nguvu, lakini alimpiga. Halafu akasimama pale na mwiko mkononi, akajisikia akihema. Kule Ogembo hakuwa mwanamke wa kupiga watoto. Alikuwa mwanamke wa kuimba wakati wa kuchuma chai, hata wenzake walimwomba apunguze sauti. Huku Marani alikuwa hajaimba hata mara moja, na pale kwenye ploti hakuna aliyejua kwamba anaweza.

Mwezi wa Novemba shule zilifungwa, na kila boma likaanza kuzungumza habari za vijana wa kutahiriwa. Wenzake Omosa walikuwa wamekwisha kutajiwa siku zao. Yeye alikuwa bado. Walipogombana mpirani walimwita omoisia, yaani kivulana ambaye hajatahiriwa, na Omosa akarudi nyumbani akiwa ameuma midomo.

"Mama, mimi nitatahiriwa wapi?"

"Hapa hapa, kwenye zahanati. Nitakupeleka mwenyewe."

"Halafu nitakaa wapi nikipona?"

Eucabeth alijua vizuri kama mtoto alivyojua. Kijana akishatahiriwa hukaa kando na wenzake, katika chumba ambacho mama haingii, na akitoka huko halali tena chumba kimoja na mama yake. Chumba chao kilikuwa kimoja, na ndani yake mama alikuwamo.

Alikwenda kwa Bosire. Alimwomba chumba cha nje, kile kilichowekwa magunia ya mbolea, kwa mwezi mmoja tu.

"Huyo ni mtoto wa ukoo wa Machoge," Bosire alisema. "Hapa ni kwa ukoo wa Kitutu. Atakaa kwangu kama nani? Ana baba, ana babu, ana boma. Watu wataniona nimeiba mtoto."

"Ni mpwa wako."

"Mpwa huja kusalimia, Eucabeth. Hatahiriwi kwa mjomba."

Siku chache baadaye Jemimah akafika Marani. Alikuja na mkungu wa ndizi mbivu na kitambaa cheupe kichwani, kile alichokivaa Sabato akienda kuhudumu kanisani, kwa kuwa alikuwa shemasi. Aliketi juu ya kitanda, akampakata Ogoti, akamsifu Omosa kwa urefu. Maneno yake yalikuwa laini.

"Mwanangu, mambo yako na Machogu ni yenu. Mimi sikuyataka. Lakini kijana atahiriwe kwao, kama baba yake. Akipona tutamrudisha."

"Nitakuja nimpikie," Eucabeth alisema. "Mimi ndiye mama yake."

"Ukalale wapi? Purity yuko pale. Mtagombana mbele ya mtoto na kidonda chake hakijakauka? Niachie. Nitampikia kwa mikono yangu hii."

Eucabeth alitaka kukataa. Alimgeukia Omosa ili amwambie wangoje kidogo, lakini Omosa alikuwa ameshavaa viatu.

Wiki mbili alivumilia. Kisha akamkamata kuku wake pekee, jike mweupe mwenye kilemba kilichokatika, aliyekuwa ameanza kumfuga nyuma ya kibanda ili watoto wapate mayai. Akamwachia Ayan Ogoti, akaenda Ogembo. Jemimah alimkuta langoni na hakuondoa mkono wake kwenye komeo.

"Anaendelea vizuri sana. Anakula, anacheka. Usiingie, mwanangu, utamvuruga."

"Mpe huyu. Mwambie ni kuku wangu, atamjua. Mwambie nilikuja."

"Nitamwambia."

Kutoka langoni Eucabeth aliona moshi nyuma ya nyumba, akasikia vijana wakiimba kwa sauti nyembamba za watoto wanaojifanya wanaume. Alijaribu kuichagua sauti ya mwanawe asiweze. Alitamani kumwita, kwa kuwa sauti alikuwa nayo, sauti ya kuvuka shamba zima la chai. Lakini hakuna mama anayepiga kelele mbele ya chumba cha vijana waliotahiriwa. Alimeza sauti yake, akarudi.

Siku ya vijana kutoka alifika mapema na shati jipya la samawati kwenye mfuko. Kwa akina Machogu mama ndiye anayempokea kijana mlangoni na kumvika nguo mpya, na hilo Eucabeth alikuwa ameliona kwa watoto wa mashemeji zake mwaka baada ya mwaka. Uani kulikuwa na hema na viti. Alipopita katikati ya wageni, wanawake aliochuma nao chai walimsalimia kwa kunong'ona, kama vile kuna mgonjwa karibu.

Purity alikuwa tayari mlangoni. Alivaa kitenge kipya kilichofanana na shati la Machogu, na mikononi alikuwa na suti ndogo nyeusi na tai.

Omosa alitoka. Alikuwa amenenepa. Purity alimvika koti, wanawake wakapiga vigelegele, Machogu akamshika kijana bega na kumwonyesha kwa watu. Macho ya Omosa yalizunguka hadi yakamkuta mama yake nyuma ya hema. Akayashusha chini.

Baada ya chakula Machogu alisimama kushukuru. Alisema kijana wake sasa ni mtu mzima, na kwamba Januari ataanza shule ya hapo Ogembo, ameshamwandikisha.

Eucabeth alisimama kabla hajajua kwamba amesimama.

"Mlisema akipona mtamrudisha. Mama Jemimah, si ulisema? Ulikuwa umeketi kitandani kwangu."

Jemimah alikuwa anakusanya sahani. Aliendelea kuzikusanya.

"Kwa nini tubishane mbele ya watu?" Machogu alisema kwa upole wa mtu aliyeshiba. "Mwenyewe si huyu hapa? Muulize."

Omosa alishika tai yake kwa vidole viwili.

"Nitabaki kwa baba," alisema.

Eucabeth alimwendea akampa ule mfuko wenye shati. Omosa aliupokea kwa mikono miwili na kuinama kidogo, kama mtu anavyopokea kitu kutoka kwa mgeni.

Muhula ulipita. Mwezi wa Aprili lori lilisimama mbele ya kibanda cha chai, Omosa akaruka chini na begi mgongoni. Machogu hakushuka, alisema atampitia Alhamisi. Ogoti alimrukia kaka yake shingoni akakataa kumwachia. Eucabeth alicheka kwa mara ya kwanza tangu Desemba, akakimbilia kununua nyama.

Omosa alisimama mlangoni pa chumba bila kuingia. Alikitazama kitanda.

"Mama, mimi nitalala wapi?"

Alikuwa amenunua nyama, ameazima blanketi, ameosha dirisha. Hilo hakulifikiria. Au alikuwa amelifikiria akajidanganya kwamba mtoto atakuwa amesahau.

"Jifanye mdogo siku mbili tu," alijaribu kusema kwa utani.

"Wenzangu wakijua?"

Ayan, aliyekuwa anafua uani, alisikia yote. "Mama Omosa, kuna stoo nyuma ya duka. Wanangu wanalala huko. Alale nao. Hapo hakuna la kusemwa."

Hivyo mtoto wa Eucabeth alilala kwa jirani, akala chakula chake kwenye kigoda nje ya mlango, na akanawa mikono kabla ya kula bila kuambiwa. Asubuhi ya pili mama yake alipokuwa akikanda unga, alikuja akasimama kando yake.

"Mbona hukuja?" aliuliza.

"Wapi?"

"Nilipokuwa ndani. Mama za wengine walikuwa wanaleta chakula mpaka mlangoni. Mimi nilikuwa nasikia miguu, nafikiri ni wewe. Nyanya alisema ulikataa. Alisema una hasira na baba."

Eucabeth aliacha kukanda.

"Nilikuja, Omosa. Nilifika langoni. Nilikuletea kuku."

"Kuku gani?"

"Wangu. Mweupe. Hukumwona?"

Omosa alifikiri. "Nilipewa nyama ya kuku. Nyanya alisema imetoka kwa Mama Purity."

Jina lile, Mama Purity, lilimpita Eucabeth kama maji ya moto. Alijikaza.

"Yule alikuwa kuku wangu. Nyanya yako alimpokea kwa mkono wake. Alikudanganya, na mimi akanidanganya."

Uso wa mtoto ulijifunga. Eucabeth alikuwa ameuona uso ule kwa Machogu mara nyingi, ila hakutarajia kuuona mdogo kiasi hicho.

"Nyanya ni shemasi," Omosa alisema. "Hawezi kudanganya."

"Kwa hiyo mimi ndiye mwongo?"

Omosa alichukua ndoo akaenda kuteka maji, kama kijana mwenye adabu anayewasaidia watu aliowatembelea. Mama yake alirudi kukanda unga, akaukanda hadi ukawa mgumu. Mandazi ya siku hiyo yaliliwa na wateja wawili tu, na mmoja akalalamika.

Alhamisi lori likaja. Ogoti alilia akitaka kupanda. Alishika mlango, ikabidi mama yake amng'oe kidole kimoja kimoja.

"Usilie, kijana," Machogu alimwambia kutoka dirishani, akicheka. "Zamu yako inakuja."

Kesho yake Eucabeth alifunga kibanda mapema, akapanda kwa Bosire. Hakupitia kwa mkewe. Alimkuta shambani.

"Nataka pahali pa kusimamisha nyumba ya udongo. Chumba kimoja, pale mwisho kwenye mti wa parachichi. Ogoti akikua asikose pa kulala."

"Tulishazungumza mambo hayo, dada."

"Ulizungumza wewe. Umeona nilivyonyang'anywa mmoja kwa sababu ya magunia yako ya mbolea. Wa pili wakija kumchukua, nitakuja kuketi hapa mlangoni kwako na sitaondoka, mpaka kila anayepita barabarani aniulize nalia nini."

Bosire alichimba kidogo, akasimama, akatazama mti wa parachichi. Alisema atafikiria.

Mpaka leo anafikiria. Wakikutana sokoni Eucabeth humpita bila salamu, na watu wa Marani wameanza kusema kwamba ndiyo sababu mume alishindwa naye, kwamba ana kiburi. Yeye husikia. Huwapimia chai yao na kuwapa.

Ogoti ameacha kukojoa kitandani. Amefika miaka saba na anabeba kibuyu chake cha maji kutoka mtoni, akitembea mbele. Juzi aligeuka njiani akauliza kama atakapotahiriwa atakwenda na lori.

"Angalia mbele," mama yake alimwambia. "Unamwaga maji."